Maswali Yenu: Dakika Kumi Kando ya Mto Mystic

*Ukurasa huu mwezi huu tumeuachia jambo moja, kwa kuwa barua tatu zilizotufikia, mbili kutoka Massachusetts huko Marekani na moja kutoka Bukoba, zinauliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu kuhesabu samaki wanaopanda mtoni kwenda kutaga.*

Swali: kutoka Medford, Massachusetts

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Medford, nje kidogo ya Boston, na nyumba tuliyopanga iko mwendo wa dakika chache kutoka Mto Mystic. Wiki iliyopita jirani yangu, mama wa makamo ambaye hutusalimu kila siku, alinialika nijiunge na watu wanaojitolea kuhesabu heringi wanapopanda mto kila majira ya machipuko. Kazi yenyewe, kwa maelezo yake, ni kusimama dakika kumi kwenye ngazi ya samaki, yaani njia iliyojengwa ili samaki wapande kuupita ukuta wa bwawa, kuhesabu wanaopita na kuandika idadi. Mume wangu amecheka sana. Anasema kwao Ukerewe samaki huhesabiwa wakiwa tayari kwenye ndoo. Mimi nami nina wasiwasi wangu. Sikusoma sayansi, na nikisimama dakika kumi nisimwone hata mmoja, nitakuwa nimefanya nini? Je, hesabu ya watu kama sisi ina maana kwa wataalamu, au ni njia ya kuwashughulisha wakazi tu? Mwanangu wa miaka 10 naye anataka kujua kama samaki hao hufa wakishataga, kama alivyosoma kuhusu samoni.
— Mama wawili

Jibu

Marahaba, mama. Nenda ukahesabu, na mumeo umwambie acheke taratibu, kwa sababu hesabu hiyo inatumika. Mwaka 2006 idara ya uvuvi wa baharini ya jimbo la Massachusetts ilitoa mwongozo wa kitakwimu unaoeleza namna ya kukadiria idadi ya heringi wapandao mtoni kwa kuwatazama kwa macho, na utaratibu wake ni mwepesi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye saa, karatasi na subira anaweza kuufuata. Kinachotakiwa kwako ni uaminifu wa dakika kumi. Mahesabu mengine yatafanywa na wenye kazi yao.

Kwanza umjue unayemhesabu. Heringi wa mtoni ni jina moja la samaki wawili wanaofanana kama mapacha: Alosa pseudoharengus, ambaye hupenda kutaga kwenye maziwa na maji yaliyotulia, na Alosa aestivalis, mwenye mgongo wa buluu, ambaye hupendelea maji yanayotiririka. Wote wawili ni wa rangi ya fedha, wana urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi, na ukiwa juu ya maji huwezi kuwatofautisha, wala hutaulizwa uwatofautishe. Huzaliwa kwenye maji yasiyo na chumvi, hushuka Bahari ya Atlantiki wangali wadogo, hukaa huko miaka mitatu, minne au mitano, kisha maji ya mto yanapofikia nyuzi joto 10 au 11 hivi, kwa kawaida mwezi Aprili, huanza kupanda kurudi, wengi wao kwenye mto uleule walikozaliwa. Msafara huo huendelea hadi Juni.

Mto wenu una mkasa wake. Jina Mystic limetokana na maneno ya wenyeji wa asili yenye maana ya mto mkubwa wa maji kupwa na maji kujaa. Bahari ilikuwa ikiingia na kutoka humo bila kuzuiwa, na heringi nao hali kadhalika. Katika miaka ya 1860 ukajengwa ukuta kati ya Ziwa Mystic la Juu na la Chini ili mji wa jirani upate maji, na mwaka 1966 likajengwa bwawa la Amelia Earhart karibu na mlango wa mto. Hilo la chini heringi hulipita malango ya vyombo yanapofunguliwa, lakini ule ukuta wa maziwani uliwagomea kabisa. Hapa mumeo anayependa samaki kwenye ndoo atafurahi: kabla ya ngazi ya samaki kukamilika mwaka 2012, watu wa kujitolea walikuwa wakiwavusha heringi ukuta ule kwa ndoo, mkono kwa mkono. Ngazi ilipofunguliwa, samaki wakaanza kupanda wenyewe, na hapo ndipo hesabu ya kila mwaka ikaanza. Katika miaka mizuri makadirio yamefikia malaki ya samaki.

Sasa nije kwenye wasiwasi wako, yaani siku utakayosimama usimwone hata mmoja.

Hakuna anayeweza kuhesabu kila samaki kwa miezi mitatu mchana kutwa. Kinachofanyika ni kile anachofanya mnunuzi wa mpunga gulioni, ambaye hamwagi gunia zima bali huchoma bambo, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani na kuamua bei. Siku ya kuhesabu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, hugawanywa katika vipindi vitatu vya saa nne, na katika kila kipindi wasimamizi hujitahidi kupata hesabu kadhaa za dakika kumi kumi, katika nyakati zisizochaguliwa kwa kuangalia kama samaki wapo. Saa nne zina dakika kumi mara 24. Ukipata wastani wa hesabu zilizofanyika ukauzidisha kwa 24, umepata makadirio ya kipindi hicho.

Chukua mfano wangu wa kubuni. Watu sita wamefika katika kipindi kimoja, na fomu zao zinasema sifuri, sifuri, 12, sifuri, 48, sifuri. Jumla ni 60, wastani ni 10, na makadirio ya kipindi ni samaki 240. Lakini tuseme wale wanne walioona sifuri walijiambia, kama unavyoelekea kujiambia wewe, kwamba hawakufanya kitu, wakarudi nyumbani bila kuandika. Zinabaki fomu mbili tu, wastani unaruka hadi 30, na makadirio yanakuwa 720. Samaki ni walewale, mto ni uleule, ila idadi imekuwa mara tatu kwa sababu watu wanne waliona haya kuandika sifuri. Na jimbo likiamini mto una samaki mara tatu ya waliomo, maamuzi yatakayofuata yatawaumiza hao wachache waliopo. Kwa hiyo sifuri yako, mama, iandike kwa mwandiko mzuri.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo huwapata wenye mapenzi zaidi. Mtu amefika, dakika zake kumi zimekwisha bila kitu, anafunga daftari, na papo hapo kundi la samaki thelathini linapita. Moyo unamwambia awaongeze. Asiwaongeze. Vivyo hivyo asisubiri kundi litokee ndipo aanzishe saa. Anayechagua dakika kwa kuangalia samaki ni sawa na mnunuzi anayechoma bambo pale tu alipoonyeshwa na muuzaji.

Jambo ambalo sijaona likiandikwa popote, lakini kwetu sisi Waswahili ni la hatari ya kweli, ni saa. Fomu itakuuliza ulianza kuhesabu saa ngapi. Ulianza saa mbili asubuhi, mkono umezoea, ukaandika 2:00. Huko kwenu 2:00 ni saa nane, mchana au usiku, na hesabu yako ya kipindi cha kwanza inaingizwa kipindi cha pili, au inatupwa kwa kutoeleweka. Andika kama simu yako inavyosoma.

Kuhusu vifaa, utapewa au utaelekezwa: kipimajoto cha maji, fomu ya tarehe, saa, hali ya hewa, joto la hewa na la maji, na kifaa kidogo cha kubonyeza ambacho kila ukibonyeza namba inaongezeka, kama ile tasbihi ya kisasa inayovaliwa kidoleni. Nunua miwani ya jua ya aina inayokata mng'aro wa maji. Bila hiyo, siku ya jua utakuwa unahesabu mawingu. Samaki wakija kwa wingi wengi huhesabu kwa makumi, na wale wanaoteleza kurudi chini kwa kawaida hupunguzwa kwenye hesabu, ila hapo fuata maelekezo ya msimamizi wenu.

Mimi mwenyewe nilihesabu mara moja, nilipokuwa mgeni wa ndugu zangu katika jimbo hilohilo, kwenye mto mwingine mdogo. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Ngazi ya samaki niliyoikuta ilikuwa mfereji wa zege wenye vizuizi, maji yakishuka kwa kishindo kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, kwa kuwa heringi si mrukaji kama samoni na inabidi apewe njia ya kupanda kwa kuogelea. Pale juu walikuwa wamelaza ubao mweupe chini ya maji ili mgongo wa samaki uonekane. Dakika sita sikuona ila povu na jani moja la mwaloni. Kisha ubao ukaingiwa na kivuli, nikadhani ni ndege aliyepita juu, kabla sijatambua kwamba kivuli kile kina mkia. Wakapita tisa kwa pamoja, wakitetema kama uzi uliovutwa, nami dole gumba likabonyeza mara tisa au mara kumi. Hadi leo sina hakika, na niliandika tisa. Halafu hakuna kitu tena hadi saa ilipolia. Nilirudi nimelowa na nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Ukiona kazi ya kusimama nje ni ngumu kwako, kwenye Mto Mystic ipo pia kamera ya chini ya maji, na watu huhesabu samaki kwa kutazama vipande vya video kwenye intaneti. Kamera husaidia sana saa ambazo hakuna mtu pale ukutani. Lakini kwa ushauri wangu anzia mtoni.

Swali la mwanao nitalijibu mwishoni.

Swali: kutoka Lowell, Massachusetts

Habari za kazi, mzee. Mimi ni Mkenya, kwetu ni Kilifi, na sasa niko Lowell. Mwezi wa tano mwaka jana nilipita kwenye kijito fulani nikakuta heringi wamejazana chini ya ukuta kama dagaa kwenye chungu, kiasi kwamba mtoto angeweza kuwaokota kwa kikapu. Nilipouliza, niliambiwa hawaguswi. Ni kweli mtu hawezi kuchukua hata watano wa kukaanga? Na kama wamejaa hivyo, wanahesabiwa kwa ajili gani?
— Kijana wa pwani

Jibu

Ni kweli, mwanangu, na uliyemuuliza alikuepusha na faini. Tangu mwaka 2006 sheria ya Massachusetts inakataza kuvua heringi wa mtoni, kuwa naye mkononi na kumuuza, na tangu mwaka 2012 katazo la namna hiyo likaenea pwani yote ya mashariki ya Marekani kwa majimbo yasiyokuwa na mpango uliokubaliwa wa uvuvi endelevu. Mwaka huohuo wa 2012 tathmini ya pwani nzima ilihitimisha kwamba samaki hawa wamepungua mno. Makabila ya wenyeji wa asili yenye haki zao za kimila ni habari nyingine, na haki hizo hazikuhusu wewe wala mimi.

Wamejaa, unasema. Wamejaa pale ulipowaona, kwa sababu ukuta umewazuia. Samaki waliotoka eneo kubwa la bahari wakasukumana mita chache za maji lazima waonekane wengi, kama abiria mia wanaogombea basi moja wanavyoonekana kuwa mji mzima. Wingi wa chini ya ukuta hukuambia habari za ukuta kuliko habari za samaki, na ndiyo maana wahesabuji husimama juu ya ngazi na si chini yake. Waliopungua wamepungua kwa sababu kadhaa zilizokutana: kuta za mabwawa zilizowafungia mazalio, nyavu za meli zinazotafuta samaki wengine baharini na kuwazoa hawa humohumo, na maji yaliyochafuliwa na viwanda kwa vizazi.

Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu jibu lake linakupa tumaini la kikaango. Jimbo linapotaka kuruhusu tena uvuvi kwenye mto fulani, ni lazima liwasilishe mpango unaoonyesha kwa takwimu za miaka mingi kwamba mto huo unabeba samaki wa kutosha, na mto usiohesabiwa hauna la kuonyesha. Mto ukifunguliwa, serikali ya jimbo itatangaza waziwazi, pamoja na idadi na siku. Hadi usikie tangazo hilo, jizuie, na nikuliwaze kidogo: wana miba kuliko unavyofikiri.

Swali: kutoka Bukoba

Mzee, shikamoo. Nimeona habari za hao Wamarekani wanaohesabu samaki mtoni. Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia jinsi ningu walivyopanda Mto Kagera wakati wa mvua, watu wakawatega kwa migono hadi wakachoka kula. Mimi nina miaka 40 na ningu nimemwona mara chache sana sokoni. Je, alikwenda wapi, na kwa nini sisi hatukusimama kuhesabu?
— Mjukuu wa mvuvi

Jibu

Marahaba. Babu yako hakutia chumvi. Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, ni samaki wa bonde la Ziwa Viktoria aliye na tabia inayokaribiana na ya heringi, ila yeye bahari yake ni ziwa. Hukua ziwani, na mvua zinapoijaza mito hupanda Kagera, Nzoia, Yala, Sondu na mingineyo kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Jamii za mitoni zilimjua majira yake, zikajenga nyua na mitego ya kumsubiri, na kwa muda mrefu mitego hiyo ilichukua kiasi ikaacha kiasi.

Kilichomwangusha zaidi kinajulikana. Nyavu za makila ziliingizwa Ziwa Viktoria mwaka 1905, zikaenea haraka, na wavuvi wakagundua kwamba mahali rahisi pa kumpata ningu ni mlangoni mwa mto, wakati amejaa mayai na anajipanga kupanda. Ukimvua hapo, umevua na watoto wake. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake wa mitoni ulikuwa umeporomoka, na ile mitego ya kienyeji ikaoza bila kurithiwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kutega. Nalisema hili kwa sababu watu wengi humtwisha sangara lawama zote. Sangara ana makosa yake, lakini ningu alikuwa ameanguka kabla sangara hajalitawala ziwa.

Kwa nini hatukusimama kuhesabu? Nadhani tusijilaumu kwa hili moja. Maji ya Kagera wakati wa mvua ni ya rangi ya chai ya maziwa. Ungelaza ubao mweupe chini usingeuona ubao wenyewe, sembuse samaki. Ongeza mamba. Njia ya Mto Mystic inafaa mto mdogo, wenye maji maangavu, unaopita mahali pamoja pembamba.

Kwetu kinachohesabika ni kilichovuliwa. Kuna vikundi vya usimamizi wa mialo, ambavyo wengi huviita BMU, na pande zote tatu za ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, waandishi wa mialoni hurekodi mtumbwi umeleta samaki gani na kilo ngapi; taasisi za utafiti wa uvuvi, kwa upande wetu TAFIRI yenye kituo Mwanza, huzitumia takwimu hizo. Ukitaka kumfanyia ningu jambo, anzia kwenye mwalo ulio karibu nawe na uulize kama ningu ana safu yake kwenye daftari au ametumbukizwa kwenye safu ya samaki wengineyo. Akiwa kwenye safu hiyo, amepotea mara ya pili. Kisha uliza kama mtumbwi uliotoka usiku kucha ukarudi mtupu unaandikwa. Mara nyingi mwandishi huona hakuna cha kuandika, mvuvi naye anataka kwenda kulala. Ile barua ya Medford hapo juu, na ile hesabu ya sifuri nne, uisome tena ukiwa umesimama mwaloni.

Wazee waliowahi kutega migono nao wangali hai wachache. Waulize walitega wapi, mwezi gani, na mara ya mwisho kumwona ningu akipanda kwa wingi ilikuwa mwaka gani, uandike majibu pamoja na jina la mahali. Hiyo nayo ni hesabu, ingawa imechelewa.

Na swali la mtoto wa Medford

Hapana, mjukuu wangu, heringi hafi kwa kutaga. Samoni wa Bahari ya Pasifiki hutaga mara moja na maisha yake yakaishia hapo, lakini heringi wengi hutaga, wakapumzika kidogo, kisha wakashuka kurudi baharini, na anayesalimika na ndege, samaki wakubwa na nyavu anaweza kupanda tena mwaka unaofuata. Jike mmoja hutaga mayai makumi ya maelfu. Watoto wao hukaa ziwani kiangazi chote wakila vidudu vidogo vya majini, na kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi majira ya kupukutika kwa majani hushuka mto wakiwa na urefu wa kidole cha mkono wako. Wakati huo watu wa kuhesabu huwa wameshafunga fomu zao, kwa hiyo ukiwaona, umewaona wewe.

Samaki watakaozaliwa msimu huu ndani ya Ziwa Mystic la Juu watakaa baharini kama miaka minne. Utakuwa na miaka 14 watakapopanda ngazi kwa mara ya kwanza, na kufikia hapo mama yako atakuwa amekuachia kile kifaa cha kubonyeza.